Mutu wa Kaye: Kutoka Ndosho Hadi Butembo na Kurudi

Tangu nirudi mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande. Deo anajua habari ya kuku. Grâce anajua kwamba nililala na koti la dereva. Wengine mmesikia kwamba nilikwenda kwa manabii, mkaanza kunitazama kama mutu aliyepona homa kali. Vipande mlivyoviunganisha wenyewe vinanifanya shujaa upande mmoja na mpumbavu upande mwingine, kwa hiyo naandika mara moja, yote. Mambo ya karatasi na mihuri ya njiani nayaacha. Hayo mnayajua, na hayajabadilika.

Ndosho

Kaka yangu mkubwa, Bahati, alipotea siku tulipoikimbia kambi ya Kibati. Ni miaka sita sasa. Hakuna aliyemwona akifa, na hakuna aliyemwona hai. Baba mdogo Safari amekuwa akitaka tuwashe moto wa kilio, watu wakae, walie, wanyoe, wamalize. Mama hakubali. Kwetu, kumlilia mutu ambaye bado anapumua ni kumchimbia kaburi.

Mwaka huu Mama alianza kwenda kwenye chumba cha maombi cha mutume mmoja, hapa kwetu Ndosho, pembeni mwa Goma, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Siku ya kwanza alirudi akiwa anang'aa. Mutume alikuwa amemtazama akasema: "Mama wa Masisi, ulizaa watano, umebaki na mmoja nyumbani, na mwingine yuko mbali. Naona mikono yake. Ina vumbi la mbao."

Bahati alikuwa seremala.

"Mama, ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Sikufungua hata mulomo."

"Na mlangoni, kabla ya kuingia?"

"Mlangoni alikuwa tu mutu wa kaye."

Hapo nilikaa chini. Ninyi mliokulia mjini labda hamtaelewa. Kambini, mutu akitokea na kaye, yaani daftari, na kalamu, unamwambia yote: jina, kijiji, watoto wangapi, nani amekufa, nani amepotea, alikuwa anafanya kazi gani. Usiposema, hutakuwa kwenye liste, na asiye kwenye liste hapati maharage wala hema. Mama alifanya hivyo kambi tatu. Kwake, kumwambia mutu wa kaye si kusema. Ni kama kupumua. Nilimweleza polepole kwamba yule kijana wa mlangoni aliandika, kisha akaingia ndani kabla yake. Akanijibu, "Yule? Yule alikuwa anapanga foleni."

Kama ingekuwa maneno matupu ningenyamaza. Lakini mutume alimwambia kwamba Bahati yuko Butembo, upande wa mbao, na kuna kamba isiyoonekana shingoni mwake. Kinachoizuia kamba isikaze ni mfungo wa mama yake. Asile wala asinywe mpaka jua lizame, kila siku, hadi mwana arudi. Siku atakayokula mchana, mwana ataanguka. Mama ana vidonda vya tumbo. Muuguzi wa zahanati yetu alimwambia wazi kwamba bila chakula cha asubuhi tumbo litatoboka. Alikuwa amefunga miezi minne tayari. Saa yake ya mkononi alikuwa ameipandisha hadi karibu na kiwiko ili isidondoke.

Nilipomwambia nitakwenda Butembo mwenyewe, alinishika mkono. "Nenda umuone. Ukirudi utaniambia yale uliyoyaona na macho yako. Nitaamini wewe."

Baba mdogo Safari alinisindikiza hadi barabarani. "Sikia, Amani. Zunguka huko siku kumi, kula viazi, halafu urudi useme umeona kaburi. Tutawasha moto, atalia, atakula. Uongo wa siku moja tu."

Nilimwambia nitafikiri. Mnanijua. Nilifikiri njia yote.

Ili nimpime yule mutume na yeyote nitakayemkuta njiani, nyuma ya kaye yangu niliandika namna ya kumtambua mwalimu wa kweli wa mambo ya Mungu. Asiulize maswali. Asitake kitu. Ajue jambo ambalo hakuna mutu aliyemwambia. Tatizo ni kwamba mutume wa Ndosho alikuwa amefaulu mawili ya kwanza. Hakumwuliza Mama lolote, na sadaka yake aliirudisha. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mutu anayerudisha sadaka anataka nini? Lakini lile la tatu nilikuwa nalo salama. Kulikuwa na jambo moja kuhusu Bahati ambalo sikuwa nimemwambia mutu yeyote duniani.

Kibati na Rumangabo

Nilipanda lori la chumvi na sabuni. Dereva aliitwa Kambale. Kando yangu alikaa mfanyabiashara wa vitenge anayeitwa Mama Kahindo, Munande wa Butembo, mnene, na kikapu mapajani. Kabla hatujatoka mjini alikuwa amemaliza mayai mawili ya kuchemsha na alikuwa anavunja la tatu kwenye dirisha.

Mimi nilikuwa nimeapa kutosema kitu. Niliamini kwamba mitume hawa wana watu wao kila njia, na habari inatangulia kwa simu.

"Unaitwa nani, mutoto yangu?"

"Patrick."

"Na Butembo unaenda kufanya nini?"

"Kununua maharage."

Aliacha kutafuna. "Kambale, sikia huyu. Anatoka Goma, anapita Rutshuru kwenye maharage yote ya dunia, anapanda milima mpaka kwetu, ili anunue maharage."

"Ni lisansie," Kambale akasema bila kugeuka. "Hesabu ya namna hiyo inasomewa."

Nilishtuka. Amejuaje kwamba nina lisansi, digrii ya chuo? Nilikichunguza kisogo chake kwa muda mrefu, nikapanga ni nani wa Ndosho aliyempigia, hadi nilipoinamisha macho nikaona kwamba nimevaa tisheti ya promosheni yetu, sisi tuliomaliza chuo pamoja, yenye jina la fakulte na mwaka kwa herufi kubwa kifuani. Lakini jina lilishanishika. Hadi Butembo nilikuwa Lisansie.

Kibati tulipita asubuhi. Pale palipokuwa na mahema kuna viazi sasa, mistari iliyonyooka kwenye udongo mweusi. Niliutafuta mteremko wa choo chetu nikaukosa. Na kwa kuwa nimesema nitaandika yote, nawaandikia jambo lenyewe. Siku ile, watu walipoanza kukimbia kuelekea mjini, sisi watatu tulikuwa tumeshafika barabarani. Mimi nilikumbuka kwamba biletini yangu ya shule, karatasi ya matokeo ya mtihani, imebaki chini ya godoro. Nililia. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona aibu, na bado nililia. Bahati akanishikisha mkono wa Mama, akasema, "Tembeeni, nitawakuta," akarudi. Mama hadi leo anaamini alirudi kuchukua msumeno wake.

Sasa mnajua kwa nini huwa sisherehekei mtihani.

Karibu na Rumangabo bomba la maji la injini lilipasuka, tukakaa kando ya barabara hadi alasiri, walinzi wa mbuga wakipita na buti zao safi. Mama Kahindo alinunua mahindi ya kuchoma, akanipa moja. Nililigeuza, nikalinusa.

"Unanusa nini?"

"Hapana, mama."

"Ni hindi, Lisansie. Likikujibu, utuambie."

Kizuizi cha mbuga

Baada ya Rutshuru magari hayaruhusiwi kuvuka mbuga peke yake. Yanasubiri mengine hadi wanajeshi wayasindikize. Tulisubiri siku mbili. Kando ya kizuizi wanaishi watu waliokimbia vijiji vya ndani, vibanda vya majani na vipande vya turubai, na maisha yao ni kuwauzia wasafiri ndizi na samaki wa ziwa la mbugani. Mama Kahindo alipata samaki mkubwa wa kukaanga, akamla hadi macho.

Mimi nilikaa juu ya jiwe nikaandika kwenye kaye yangu. Nilikuwa naandika kuhusu Mama Kahindo, ukweli ndio huo: amesema nini, saa ngapi, amempigia nani simu. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mwanamke amesimama mbele yangu, nyuma yake mzee, nyuma yake wanawake wawili wenye watoto mgongoni. Walikuwa wamepanga foleni.

"Mimi si mutu wa liste," nikasema.

"Hakuna shida," mwanamke akasema, akaanza. Jina. Kijiji. Watoto.

Nilirudia kwamba mimi ni msafiri tu. Alinisubiri nimalize kwa adabu, kisha akaendelea alipoachia. Ningefanya nini? Niliandika. Yule mzee alitafuta ndugu yake. Mwanamke mmoja alitafuta mume. Wa mwisho kabisa alikuwa mama mfupi, koti la kiume limefungwa kiunoni kwa kamba, anayeitwa kwa jina la binti yake, Mama Riziki. Riziki alipotelea njiani akiwa na miaka tisa, ana alama ya moto mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi kiganja. Niliandika yote. Hakuondoka.

"Na wewe unaonaje?" akaniuliza. "Yuko muzima?"

Nimeirudia dakika ile mara nyingi, na sijapata mahali pa kuisimamisha. Alikuwa amenikazia macho. Nilijua kwamba sijui. Nilisikia sauti yangu, imeshuka kidogo, imetulia kama ya mutu wa mimbari, ikisema, "Yuko muzima, mama. Mutaonana."

Aliinamisha kichwa, akaenda. Nikashukuru kwamba yameisha. Baada ya muda alirudi na kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kwa ukambaa, akamweka mapajani mwangu juu ya kaye.

Kambale alikuwa ameegemea gurudumu. "Kumbe," akasema. "Tunabeba mutumishi wa Mungu na hakutuambia."

Nilijaribu kumrudisha kuku. Mama Riziki hakugeuka. Msafara ukaitwa, tukapanda, kuku kati ya miguu yangu. Katika mbuga wenzangu waliwatazama nyati. Mimi nilikuwa nahesabu ilinichukua muda gani kuwa mutume. Kaye, foleni, macho ya mama mmoja. Sikuwa nimetaka kitu, sikuwa nimeuliza kitu. Nilikuwa nimefaulu mitihani yangu mwenyewe.

Kanyabayonga

Huko juu ni baridi kiasi kwamba watu wanazungumza wakiwa wamekunja mikono kwapani. Kambale alinipa koti lake la akiba. Asubuhi tulikula viazi na maharage yaliyopondwa pamoja, na kuku alidonoa vilivyoanguka.

"Kuku yako anakula kukushinda," Mama Kahindo akasema. "Patrick. Sema kweli. Unatafuta mutu."

Nilimtazama. "Nani amekutuma?"

"Bwana yangu. Alinituma kuuza vitenge, na nimeuza vibaya." Alipangusa vidole. "Kila siku naona watu wanapanda gari hili na uso kama wako. Ukitafuta mutu Butembo, unaanza kwa Mama Masika. Anasoma majina kila Jumapili."

"Ni nabii?"

"Ni mjane. Anauza puaro."

Niliandika kwenye kaye: *Mama Kahindo ananipeleka kwa mwanamke. Angalia.* Aliona naandika, hakuuliza.

Butembo

Siku mbili nilizunguka kwenye maghala ya mbao peke yangu, kuku ndani ya kikapu. Vumbi la mbao lilikuwa kwenye mikono ya kila mutu. Nilielewa basi kwamba ukimwambia mama yeyote wa Goma mwanawe seremala yuko Butembo hutakosea sana, maana mbao tunazojengea Goma zinatoka huko. Hakuna aliyemjua Bahati wa Masisi. Siku ya tatu nilikwenda kwa Mama Kahindo, na yeye akanipeleka kwa Mama Masika.

Nilimkuta barazani, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, anachambua puaro, vile vitunguu virefu vya majani, na kuzifunga mafungu. Mama Kahindo alimpa mfuko wa chumvi. Aliupokea, akaupima kwa mkono, akasema, "Mwaka jana uliniletea mkubwa zaidi." Kisha akanigeukia akaanza kuuliza. Natoka wapi, nani mama yangu, nilikula nini, kwa nini kuku amefungwa vibaya hivyo. Kabla sijakaa alikuwa ameshindwa mitihani miwili. Nikabaki na wa tatu. Nilimtazama usoni nikisubiri aseme neno biletini.

"Jina lako?"

"Patrick."

"Patrick wa maharage," Mama Kahindo akaongeza, anamenya ndizi.

"Na unayemtafuta?"

Nilimtaja Bahati. Akauliza jina la baba, la mama, la kijiji, ndugu zake wanaitwa nani. Hapo nikakwama. Jina likisomwa mbele ya watu, na kama Bahati yupo, au anayemjua yupo, atasikia kwamba anatafutwa na ndugu yake Patrick. Bahati hana ndugu Patrick.

"Amani," nikasema. "Mimi ni Amani."

Hakushangaa wala hakunilaumu. Alinyoosha mkono. "Lete kaye."

Aliisoma yote, pale, mbele yangu. Majina ya watu wa kizuizini aliyasoma mara mbili. Mambo niliyoandika kuhusu Mama Kahindo aliyasoma kwa sauti, na mwenyewe akacheka hadi ndizi ikampalia. Mwishoni akafika ukurasa wa nyuma.

"Asiulize. Asitake kitu. Ajue bila kuambiwa." Alivua miwani. "Mutu asiyekuuliza, asiyeonyesha anataka nini, na anajua vitu vyote vilivyo ndani ya nyumba yako. Sisi huku huyo tunamwita mwizi."

"Na kuku?" akauliza, akivaa tena miwani.

Nilimweleza habari ya kuku. Nilidhani atanifukuza. Alisema tu, "Si wako. Utamrudisha," akaendelea na puaro. Labda ni kwa sababu hakunifukuza ndiyo maana nikamwambia na lile jingine, la biletini, ambalo nilikuwa nimelibeba njia yote kumtegea. Alisikiliza huku mikono yake ikifanya kazi.

"Kwa hiyo unaogopa yule mutume asije akalijua," akasema, "na umemkasirikia kwamba hakulijua."

Nilichukua fungu la puaro nikaanza kulifunga.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uani kwake, labda kwa sababu ya majina, labda kwa sababu ya uji. Hakuna aliyeanguka, hakuna aliyelia kwa lugha ngeni. Walisali rozari, kisha Mama Masika akasimama na makaratasi. Alisoma majina ya waliopotea kama mutu anavyosoma bei: jina, mahali, alama ya mwili. Baada ya kila jina alinyamaza, akatazama watu. Mutu akijua kitu anasema. Asipojua, linasomwa linalofuata.

Kwa Riziki, kijana mmoja alisema Beni kuna msichana mwenye mkono wa namna hiyo, anasuka nywele sokoni, lakini ni mkubwa, si mutoto. Mama Masika akaandika.

Kwa Bahati walinyamaza. Alisubiri kuliko kwa wengine, niliona. Kisha akasoma jina lililofuata.

Nilimfuata jikoni. "Unaonaje? Yuko hai?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Amani, nimekwambia sijui. Jumapili ijayo nitasoma tena."

Ndipo nikamweleza kuhusu mfungo wa Mama, kamba, tumbo, saa iliyopanda hadi kiwiko. Kwa mara ya kwanza nilimwona amekasirika. Aliweka mwiko chini, akatoka nje, akawaita wanawake waliokuwa wanaosha vikombe. Aliwaeleza kwa Kinande, nami nilielewa neno moja tu, la tumbo. Walibishana. Halafu akaanza kukunja vidole.

"Jumatatu yangu," akanigeukia. "Jumanne huyu. Jumatano na Alhamisi wale dada wawili. Jumamosi yule wa magongo. Jumapili binti yangu. Ijumaa hakuna anayeitaka, ni siku ya soko."

Mama Kahindo alikuwa na kikombe cha uji mkononi. Alikitazama, akakiweka.

"Basi mimi," akasema. "Mungu anisamehe kabla."

"Mwambie mama yako," Mama Masika akasema, "zamu yake ya kufunga imekwisha. Tumeipokea sisi. Ale asubuhi, ale mchana."

"Mutume alisema akila, Bahati ataanguka."

"Akianguka, ni juu yetu. Mwambie hivyo. Kosa si lake tena, liko hapa, kwenye nyumba hii."

Sasa, mnanijua. Jumatatu nilisema naenda kuaga watu, nikasimama nyuma ya ua wa mianzi wa Mama Masika kuanzia saa tatu hadi saa nane. Alipika. Aliwagawia wajukuu. Alilamba? Sikuona akilamba. Lakini angeweza kula kabla sijafika, na angeweza kula baada. Saa nane alipita karibu na ua na beseni la maji machafu, akasema bila kutazama, "Sogea, nitakumwagia," akamwaga.

Kurudi

Niliondoka Jumanne, tena na Kambale. Kizuizini nilimtafuta Mama Riziki, nikamkuta anaanika samaki. Nilikuwa nimeiandaa hotuba. Nilimwambia kwamba mimi si mutumishi, sikuona kitu, nilisema binti yake ni muzima kwa sababu nilishindwa kunyamaza, na kuku huyu hapa.

Alimchukua kuku, akampapasa kifua. "Amekonda."

"Nisamehe, mama."

"Unasema kuku alikuwa wa yale maneno?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. "Maneno hayo hapa tunaambiwa na kila gari. Hakuna anayeyatolea kuku. Kuku nilikupa juu ya kuandika. Uliandika mpaka mwisho. Wengine wanaandika jina, wanafunga kaye kabla sijafika kwenye mkono." Aliufungua ukambaa wa miguu ya kuku. "Jina ulilipeleka wapi?"

Nilimwambia lilisomwa Butembo mbele ya watu wote. Nilimwambia kuhusu msichana wa Beni, na nikaharakisha kusema kwamba labda si yeye, kwamba yule ni mkubwa sana.

"Riziki angekuwa na kumi na sita sasa," akasema.

Alimrudisha kuku mikononi mwangu. Mara hii alimfunga mwenyewe, vizuri.

Tulivuka Kibati Ijumaa, kabla ya saa sita. Niliposhuka Ndosho, baba mdogo Safari alikuwa mlangoni kwetu, ameshaleta kuni. Alinikonyeza. Ndani, Mama alikuwa amekaa kitandani, khanga imemzunguka mara mbili zaidi ya nilivyomwacha. Dada wa jirani alikuwa ameniwekea chakula mezani, bugali na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu.

"Umemuona?"

"Hapana, mama."

"Umeona kaburi?"

Safari alikohoa. Nilisikia uongo wa namna zote mbili, wa kumwona na wa kaburi, mmoja kila sikio, na wote ulikuwa na huruma.

"Hapana. Sikumwona na sikuona kaburi. Sijui."

Safari akatoka nje. Nilisikia akihamisha kuni, moja moja.

Nilimweleza Mama safari yote, kama nilivyowaandikia. Nilipofika Kibati nikamwambia na habari ya biletini. Alivuta khanga mabegani, akaikunja upya.

"Alirudi kwa sababu alikuwa mkubwa," akasema mwishoni. "Wewe ulikuwa mudogo. Ni hivyo tu." Kisha, "Huyo mama wa puaro, alisema nini juu yake?"

"Alisema hajui. Atasoma tena Jumapili."

Nikamwambia kuhusu siku saba na wanawake saba, na kwamba kosa, kama lipo, liko kwenye nyumba yao. Aliwahesabu kwa vidole, kama Mama Masika.

"Na uliona wakifunga?"

"Nilimwona mmoja, nusu siku. Wengine sikuwaona. Sijui, mama. Huenda wanakula."

Alitazama mlango. Kivuli cha kizingiti kilikuwa kimejikunja hadi karibu kuisha, na kuku alikuwa anadonoa pale.

"Leo ni siku ya nani?"

"Ijumaa. Ya Mama Kahindo."

"Yule wa mayai?"

"Yule wa mayai."

"Anakula sana, unasema."

"Mama, sijawahi kuona mutu anayekula kama yule."

Alifikiri.

"Basi saa hii anateseka," akasema. Akaniomba maji, akanawa mikono, akavuta sahani.